Ua lisilonuswa: barua kwa mwanangu aliye Colombo

Neema mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana mchana, nikaurudia usiku. Unasema mwenzako wa kazini amekualika kwao siku ya Vesak, sikukuu kubwa ya Wabudha, muende wote hekaluni, nawe unajiuliza kama mtoto wa mzee wa kanisa aingie mahali watu wanapoinamia sanamu. Na unauliza Mungu wao ni nani hasa.

Swali hilo nililibeba mimi mwaka 1986, nilipokwenda Talawakelle, huko huko Sri Lanka uliko, kusomea kilimo cha chai. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Kila alfajiri alichuma maua, akayakata vikonyo na kuyapanga kwenye kisahani. Siku moja, kwa uzuri wake, nikachukua moja nikalinusa. Hakusema kitu. Alilitenga pembeni, akatoka kwenye umande kuchuma jingine. Kumbe ua la kutolewa halinuswi kwanza.

Nikamuuliza anaomba nini pale mbele ya sanamu ya Buddha. Akanifasiria yale maneno ya Kipali, lugha ya kale ya maandiko yao, aliyokuwa akiyaimba: kama ua hili linavyonyauka, ndivyo mwili wangu nao unavyokwenda kuharibika. Mwanangu, nilitegemea kusikia ombi la pesa au la mvua.

Wapo wanaoomba, sikufichi. Kwenye viwanja vya mahekalu mengi ya huko utaona vibanda vya miungu kama Vishnu na Kataragama, na watu hupeleka humo shida za mitihani na kesi. Lakini Buddha si Mungu, wala hawasemi aliumba dunia. Kumwinamia ni heshima kwa mwalimu, kama mama zetu hapa Rungwe wanavyochuchumaa kusalimia wakubwa.

Alikuwa mtu, Siddhartha Gautama, mzaliwa wa Lumbini, Nepal ya leo, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Wanasimulia kwamba alilelewa kwenye raha tupu, hadi alipotoka akaona mzee, mgonjwa, maiti, kisha mtawa aliyetulia. Akiwa na miaka 29 akaaga raha zote, akamwacha mke na mtoto mchanga. Hapo mimi, kama baba, huwa nakwama. Akajinyima kula hadi mbavu zikahesabika, asipate alichokitafuta. Mwishoni akakubali wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata, akaketi chini ya mti huko Bodh Gaya, akaamka. Jina Buddha maana yake ndiyo hiyo, aliyeamka.

Alichofundisha hakianzii kwa Muumba kama chetu. Kinaanzia kwenye taabu, wanayoiita dukkha, na humo wanahesabu hata raha, kwa kuwa nayo haikai. Chanzo chake ni tanha, neno ambalo kwa asili ni kiu: kutaka, kupata, kutaka tena. Kiu hiyo inaweza kuzimwa, na kuzimika kwake ndiko nirvana. Njia ya kuizima ina sehemu nane, kuanzia kuona mambo yalivyo, kusema kweli na kupata riziki ya halali, hadi kuituliza akili. Usipofika, unazaliwa tena, na matendo yako yanakufuata.

Mtu wa kawaida anashika ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo. Hiyo ya mwisho niliona ikivunjwa mwisho wa mwezi kama kwetu tu. Na usidhani ni malaika. Nilikaa huko wakati wa vita vya serikali na waasi wa Kitamili, kabila la wachache, na wapo watawa waliochochea chuki dhidi ya Watamili kwa maneno makali.

Ubudha una matawi. Wa Sri Lanka ni Theravada, ulio pia Thailand na Myanmar. China na Japani wanafuata Mahayana. Tibet wana njia yao. Hata Dar es Salaam, pale Upanga, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala, kabila kubwa la Sri Lanka, waliokuja Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20.

Kwa hiyo nenda. Vaa nguo nyeupe iliyofunika mabega na magoti, vua viatu na kofia, na utembee mapema kabla sakafu ya mawe haijashika moto. Mimi niliungua nyayo. Usipige picha ukiwa umeipa sanamu mgongo, huko watalii wamewahi kufikishwa mahakamani kwa hilo. Wakisujudu nawe hutaki, simama kimya nyuma, hakuna atakayekulazimisha. Usiku mtatembea kuangalia taa za karatasi, na barabarani mtasimamishwa kwenye dansal, vibanda wanavyogawa chakula bure kwa yeyote apitaye. Kula. Mama mwenye nyumba wangu alipika dengu sufuria nzima, akasimama njiani akiwavuta watu mikono.

Mama yako anauliza kama lile gauni jeupe la kipaimara bado linakuenea.

Baba yako