Barua kwa mwanangu: picha ya biashara ya watumwa

Mwanangu Salma,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mama yako anakusalimu sana, na nyumbani wote hatujambo.

Umeniuliza jambo zito. Unasema ulipofungua na darasa lako somo la biashara ya watumwa, penye ule mchoro wa watu waliofungwa miti shingoni na bwana wa kanzu na kilemba akiwafuata na kiboko, watoto waligeuka wakamtazama mwenzao mwenye asili ya Kiarabu, na mmoja akamuuliza kama yule ni babu yake. Sasa unataka kujua kama mwakani uuruke ukurasa huo.

Usiuruke. Watumwa walikuwapo, na walipita hapahapa kwetu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, kijiji chao kilijaa watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto. Kulinyamazia hilo ni kuwadhulumu kwa mara ya pili.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba kitabu hakisemi nani aliuchora mchoro ule, lini, wala kwa ajili ya nani. Mtoto anaupokea kama ushahidi wa mtu aliyesimama pale akaona. Kumbe michoro mingi ya namna hiyo ilichongwa London miaka ya 1860 na 1870 kwa ajili ya vitabu vya wasafiri, na mafundi wake walifuata maelezo ya watu wengine. Livingstone, yule mmisionari na msafiri Mwingereza, alifariki 1873. Shajara zake za mwisho zilichapishwa London mwaka uliofuata, na michoro iliyomo hakuwahi kuiona ikiwa kitabuni. Michoro hiyo ilikusudiwa kumfanya msomaji wa Uingereza aichukie biashara ile, na kusudi hilo silibezi hata kidogo. Mwaka huohuo wa 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa Unguja. Lakini picha ya kutia watu hasira hutaka mkosaji mmoja wa kutambulika upesi, na mchoraji akamvika kilemba.

Watafutie wanafunzi wako picha ya Tippu Tip iliyopigwa kwa kamera. Huyu alikuwa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa kabisa wa pembe za ndovu na watumwa, na alijihesabu Mwarabu kwa nasaba ya baba. Waache wamtazame vizuri: uso wake ni mweusi kama wangu. Kisha waulize ni babu wa nani. Waambie na ambao mchoraji hakuwachora: watawala wa bara waliouza mateka wao wa vita, matajiri wa Kihindi waliokopesha mali za misafara, wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba, Wafaransa walionunua watu Kilwa karne ya 18 kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe za kutengenezea piano. Hao wote hawakuenea kwenye ukurasa.

Kuna na wapagazi. Makumi ya maelfu ya watu, Wanyamwezi wengi, waliingia mji huu kila mwaka na pembe mabegani, na walio wengi walikuwa watu huru waliobeba kwa ujira, wakarudi kwao na nguo na shanga. Nimeona picha zao zikiwekwa penye habari za utumwa bila neno la ziada. Hapo mtu aliyefanya kazi akalipwa anavuliwa uhuru wake na kitabu, na mjukuu wake ndiye anayesoma!

Lakini linaloniuma zaidi ni minyororo. Zipo picha za kamera za mateka wa Maji Maji wamefungwa minyororo shingoni, wakisubiri hukumu ya Wajerumani mwaka 1906. Ondoa maneno yaliyo chini ya picha, uweke "watumwa wa Waarabu", na hakuna mtoto atakayeshuku. Ndiyo maana nasema maelezo ya picha yasomwe kwa makini kuliko picha yenyewe. Januari 1889 bunge la Ujerumani liliidhinisha marki milioni 2 za kukomesha biashara ya watumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani huku. Fedha hizo zilimleta ofisa wao Wissmann na jeshi lake kuzima upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri na Bwana Heri, na Wajerumani wakauita uasi wa Waarabu, ilhali Bwana Heri alikuwa Mzigua wa Saadani. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Na utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta. Walitangaza tu kwamba watakaozaliwa baada ya 1905 watakuwa huru. Sheria ya kuufuta Tanganyika ilikuja 1922, chini ya Waingereza. Huruma ya ile michoro ilikuwa imeshatumika kufungulia hazina ya vita, na mtumwa akaachwa alipokuwa.

Basi mwakani bandika ubaoni picha mbili bila maelezo, ya mateka wa 1906 na ule mchoro wa kitabu. Waulize nani amefungwa, nani amemfunga, na nani alikuwa ameshika kalamu au kamera. Wabishane kwanza, halafu ndipo uwape tarehe. Kipindi kimoja hakitatosha, kwa hiyo omba viwili mfululizo.

Kuhusu yule mtoto, usimsimamishe mbele ya darasa aeleze asili yake, wala usimtetee kwa sauti mpaka wenzake wamtazame tena. Nenda nyumbani kwao jioni, uwaeleze wazazi wake kilichotokea na unachokusudia kufundisha, uwasikilize. Ukiwa tayari kuwaleta watoto Bagamoyo, nipigie wiki moja kabla. Nitawapeleka mwenyewe Caravan Serai, ilipokuwa ikifikia misafara, na Ngome Kongwe, na yeye aje pamoja nao.

Baba yako,
Bagamoyo