Kijaluba cha babu chenye jina la ofisa wa keya: usikipeleke kusuguliwa!

Ndugu yangu ulouliza kuhusu kijaluba cha sigara cha marehemu babu yako, kile cha fedha chenye nembo ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ndo hilo keya) na jina la mzungu, na unataka sonara aking'arishe kabla ya harusi ya dada yako, nakuomba sana usikipeleke, nisome kwanza.

Na sie tunacho. Babu yetu wa Wete alikuwa dereva wa lori keya, akaenda Bama (Myanmar ya leo) 1944 na divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale walopita bonde la Kabaw mvua inanyesha, matope na malaria, mpaka wakaingia Kalewa mwezi wa 12 kwenye mto Chindwin. Walipoagana ofisa wake akampa kijaluba, ndani kimechorwa jina la babu, herufi za majina ya yule ofisa na cheo chake, na chini mstari wa shukrani kwa Kiswahili, maana maofisa wa keya walitakiwa wakijue, ndo lugha waloongea na askari. Bibi akiwekea sindano zake.

Mwaka juzi ami akakipeleka kwa fundi mmoja mjini, kikapitishwa mashine, kikarudi kama kioo na ule mstari hauonekani. Ukipitisha kidole husikii kitu. Ami alikaa barazani mpaka magharibi hajasema neno, na mie mpaka leo naumia.

Fedha ni laini, kila ukisugua inaondoka kidogo na maandishi yanazidi kupungua kina. Ule weusi ulokaa ndani ya herufi ndo unaozifanya zisomeke, uwache. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa cha pamba, kausha vizuri basi. Usikifunge kwa mpira, mpira una salfa inatia fedha weusi.

Afu tazama mihuri midogo inayogongwa kwenye fedha ya Uingereza: simba anayetembea ni fedha ya 925, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London, na herufi iliyo peke yake inaonesha mwaka. Ukikuta EPNS ni fedha ya kupakwa tu, hapo ndo mashine itaimaliza kabisa.

Kuhusu ofisa mwenyewe, chukua jina lake au herufi zake na cheo uingie London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, ipo mtandaoni bure, vyeo vyao vilitangazwa humo, na maktaba ya taifa ya Scotland imeweka orodha za maofisa wa jeshi. Wetu tulimpata hivo, siku tatu za kutafuta.

Na kabla ya yote kipige picha usiku, taa zima, tochi iweke ubavuni kabisa ili mwanga upite juu juu. Sie tulipofanya hivo kwenye ile sehemu ilofutika yakatokea maneno mawili, ami akayasoma kwa sauti: "dereva wangu".