Usaili wa Mtendaji wa Kijiji: maswali yako kwenye tangazo lenyewe

Likitoka tu jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili wa kazi ya Mtendaji wa Kijiji nchini Tanzania, mtu hukimbilia vijitabu vya "maswali na majibu" vinavyozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Viache kwanza. Chapa tangazo la kazi, ukae nalo na kalamu. Majukumu yaliyoorodheshwa pale ndiko maswali mengi yanakotoka. Kila jukumu lipe ukurasa mmoja wa daftari: linatokana na sheria gani, linamhusu nani, na ukiripoti Jumatatu utalifanyaje.

Chukua jukumu la "katibu wa mikutano ya kijiji". Ndani yake mna maswali matatu au manne. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe wangapi? Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, inasema wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Mkutano mkuu je? Ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, na hukaa kila baada ya miezi 3. Anayeongoza ni mwenyekiti, wewe unaandika. Hapa wengi huanguka si kwa kukosa takwimu bali kwa lugha: "nitaitisha, nitaamua, nitaagiza." Paneli ya wasaili inasikia mtu atakayegombana na mwenyekiti wa kijiji kabla mwezi haujaisha.

Kwenye mtihani wa kuandika unaweza kupewa kazi ya kuandaa muhtasari wa kikao. Jizoeze mpaka mkono uzoee: mahudhurio na akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kikao kufanyika), kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo na muhtasari huo, mambo mapya, kufunga, sahihi mbili (ya mwenyekiti na ya katibu). Yatokanayo ndiyo husahaulika, na bila hayo muhtasari hauonyeshi kama maazimio ya kikao kilichopita yalitekelezwa.

Ardhi hailali. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wanawake wakiwa wasiopungua 3, na kazi yake ni kusuluhisha. Vijitabu vya zamani hukufundisha kwamba mkishindwa kijijini, baraza la kata litatoa hukumu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliliondolea baraza la kata mamlaka hayo. Nalo sasa linasuluhisha tu. Ukijibu kwa nondo za zamani, unajianika.

Halafu kuna maswali ya tukio, ambayo kwa maoni yetu ndiyo yanayotenganisha watu. Mkulima amefika ofisini, ng'ombe wa jirani wamemaliza mahindi yake. Utafanya nini? Jibu la haraka ni "nitamkamata mfugaji na kumtoza faini." Faini kwa sheria ndogo ipi? Jibu lenye miguu linakwenda hatua kwa hatua: unaandika lalamiko kwenye rejesta pamoja na tarehe, unamtuma afisa ugani akafanye tathmini shambani siku hiyohiyo kabla mabua hayajanyauka au kung'olewa, unamwita mfugaji, mnakaa pande zote mbili. Wakikubaliana, makubaliano yanaandikwa na kutiwa sahihi mbele ya mashahidi. Ikishindikana, taarifa ya maandishi inakwenda kwa Mtendaji wa Kata, maana huyo ndiye unayewajibika kwake.

La pili ni la pesa. Umekusanya ushuru sh. 40,000, ofisi haina karatasi, duka liko mlango wa pili. Utanunua? Hapana. Hiyo ni kutumia fedha mbichi, yaani makusanyo ambayo hayajapelekwa benki, hata kama risiti ya kununulia karatasi hizo unayo. Fedha inapelekwa benki kwanza, matumizi yanaombwa kwa utaratibu. Jibu hivyo bila kujikunja. Ukianza "inategemea", umekwisha.

Vyeti visikuangushe mlangoni. Kwa usaili unaosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira, chombo cha serikali kinachoshughulikia ajira za utumishi wa umma, beba vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne hadi cha chuo; karatasi za matokeo na hati za muda hazipokelewi. Kitambulisho kimoja kinachotambulika, cha NIDA au cha mpiga kura kwa mfano. Kama cheti kimoja kinasema Juma Ally na kingine Jumaa Ali, tafuta mapema hati ya kisheria ya majina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa. Haipatikani asubuhi ya usaili. Namba ya mtihani inakili kutoka kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi hizo, kwa sababu pale hawaigawi. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo panga kulala mji husika usiku uliotangulia kama basi la kwanza halifiki kabla ya saa moja asubuhi.

Ukiingia kwa mahojiano, uliza mwanzoni kama unaweza kujibu kwa Kiswahili. Kujitambulisha kusizidi dakika moja: jina, elimu, na kitu kimoja unachokijua kuhusu halmashauri ile, kama zao lake kuu au chanzo chake cha mapato.