Makovu yalikuwa badala ya picha
Unauliza kwa nini daftari la kaunti la enzi za utumwa kule Virginia, Marekani, linamweleza babu yako aliyekuwa mtu huru kwa kimo na kovu la mkononi. Karatasi yake ya uhuru haikuwa na picha, basi mwili ndio uliothibitisha kuwa ni yeye. Sheria ya 1793 iliwataka Weusi huru wa mijini wajiandikishe. Ya 1803 ikawafikia wa kaunti. Karani aliandika umri, rangi, kimo, alama za usoni, kichwani au mikononi, na kama mtu alizaliwa huru au nani alimwacha huru. Nakala alilipia mwenyewe! Kutembea bila hiyo ilikuwa kujitakia jela.

Hofu ya wenye mamlaka ilikuwa karatasi kuazimwa. Frederick Douglass, mtumwa aliyekuja kuwa mpinga utumwa maarufu, alitoroka Maryland mwaka 1838 kwa cheti cha ubaharia cha rafiki yake, kilichoeleza mtu mweusi zaidi yake. Kondakta wa treni alikitupia jicho tu.

Tarehe iliyo daftarini usiichukue kuwa ndiyo ya kuachwa huru. Wengi walichelewa kujiandikisha, maana sheria ya 1806 iliwataka walioachwa huru baada ya hapo wahame jimbo ndani ya miezi 12, na kujiandikisha kungewafichua. Tafuta wosia na hati za mahakama ya kaunti hiyohiyo.