Chini ya mkanda ni wapi hasa?

Wiki hii maswali yenu mengi yameangukia usemi mmoja wa Kiingereza, "below the belt", yaani chini ya mkanda.

Nilimsikia mwanasiasa akilalamika kuwa mwenzake kampiga chini ya mkanda. Kampiga kweli?

Hapana, kamsema. Usemi huu hutumika pale mtu anapoiacha hoja na kumvamia mwenzake mahali asipoweza kujikinga: maradhi, ndoa iliyovunjika, mtoto aliyemshinda. Chukua kamati ya harusi. Mjumbe anamwomba mweka hazina risiti ya turubai na viti. Jibu: "Wewe ndoa ilikushinda, harusi za watu zinakuhusu nini?" Kikao kizima kinainamia simu. Risiti haijaonekana, na aliyeuliza ndiye anayetafuta pa kuficha uso.

Mkanda wenyewe ni ule wa ubingwa?

Wengi hudhani hivyo. La, ni kiuno cha suruali. Mwaka 1743 huko London, Jack Broughton, bondia aliyekuwa na ukumbi wake wa ngumi, aliandika kanuni zilizokataza kumpiga aliyeanguka na kumshika mpinzani popote chini ya kiuno. Enzi hizo walipigana mikono mitupu, bila glovu. Kanuni za Uingereza za 1838 zikataja wazi kwamba ngumi inayotua chini ya ukanda wa suruali ni faulo. Leo mstari huo huhesabiwa kwenye kitovu, ndiyo maana utamwona bondia mjanja akipandisha bukta hadi karibu na kifua, na mwamuzi akimwamuru aishushe.

Lakini kama aliyosema ni kweli tupu?

Hili ndilo swali lililonifanya niandike. Wengi hujitetea hivyo: "Kwani nimesema uongo?" Hakuna aliyesema ni uongo. Julai 1996, Andrew Golota wa Poland alipambana na Riddick Bowe pale Madison Square Garden, New York. Alikuwa akiongoza kwa pointi, Bowe amechoka, ushindi u mikononi. Bado akawa anateremsha ngumi kwenye sehemu za siri, akaonywa, akakatwa pointi, akarudia. Raundi ya saba mwamuzi akamwondoa. Ngumi zake zilitua sawasawa. Tatizo lilikuwa pa kutua. Desemba wakarudiana, akaondolewa tena kwa kosa lilelile, raundi ya tisa, na safari hiyo pia alikuwa mbele! Mweka hazina wetu naye hakudanganya kuhusu ile ndoa. Ila iliulizwa risiti.

Ni sawa na "nyani haoni kundule"?

Siyo. Huyo nyani ana kasoro ileile anayomcheka mwenzake. Waingereza wana usemi mwingine kwa hilo, wa chungu kinachoisema birika kwa weusi. Anayepiga chini ya mkanda anaweza kuwa msafi kabisa.

Kwa Kiswahili tusemeje?

Watangazaji wa ngumi wameshatuzoesha "kupiga chini ya mkanda", na sioni haya kuutumia. Mimi hupenda zaidi "kumvua mtu nguo mbele za watu".

Na mipasho ya taarab?

Kule hakuna mkanda. Anayeinuka kwenda kutunza ndiye anayechagua ubeti umwangukie nani.