Ukitaka kuuvunja uzushi wa kisayansi, lete ukweli mtamu kuliko huo uzushi

Wiki iliyopita ule ujumbe wa mionzi ya kosmiki, yaani mionzi itokayo anga za mbali, umerudi tena kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Wengi mnaujua: usiku wa leo kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 zima simu, usilale nayo karibu, mionzi hatari kutoka sayari ya Mirihi itaipitia Dunia, NASA na BBC wamethibitisha, mtumie umpendaye. Nilipoufungua nikakuta shangazi yangu wa Tanga ameshaujibu. Hakuandika "uongo". Aliandika kwamba mionzi hiyo inatupita mchana na usiku tangu tuzaliwe, na hivi sasa inapita kwenye mkono ulioshika simu, kwa hiyo laleni salama wanangu. Kundi likatulia. Nilifurahi kuliko siku makala yangu ya kwanza ilipotoka.

Siku hiyohiyo kijana mmoja, mwalimu wa sekondari, akaniandikia: "Shikamoo dada. Nataka kuandika sayansi kwa Kiswahili, nivunje uzushi unaozagaa mtaani, lakini nikisema tu watu wananiona najifanya najua. Nianzie wapi?" Marahaba, mdogo wangu. Kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mna kiu hiyohiyo, nakujibu hadharani.

Nianze na safari ya shangazi, maana ndiyo jibu lenyewe. Ujumbe ule ulipoingia kwetu mara ya kwanza, shangazi alipita chumba kwa chumba akikusanya simu za nyumba nzima. Akazizima, akazitia kwenye sufuria ile ya pilau ya shughuli, akafunika mfuniko na kuupachika jiwe juu, akaipeleka jiko la uani. Kuna shemeji yetu hutegemea simu za wateja wa usiku. Naye simu yake ilikuwa humo. Asubuhi binamu yetu mmoja aliyesoma akaandika kundini: "Huu ni uzushi, acheni kutujazia simu." Baba mdogo aliyekuwa ameusambaza akajiondoa kundini kimyakimya, na sidhani kama kuna aliyejifunza chochote siku ile. Uzushi ulibaki vilevile, ila sasa umeongezewa na kinyongo.

Mimi nikampigia shangazi. Sikumwambia amekosea. Nilimsimulia habari za Victor Hess.

Mwaka 1912 mwanasayansi huyu wa Austria alipanda puto akiwa na vifaa vya kupimia mionzi. Enzi hizo wengi waliamini mionzi inayogunduliwa hewani inatoka kwenye miamba ya ardhini, kwa hiyo ukipanda juu ingepaswa kupungua. Agosti 7 alifika zaidi ya mita 5,000, chini kidogo tu ya kimo cha kilele cha Kilimanjaro, na vipimo vikaonyesha kinyume: kule juu ilikuwa mingi zaidi kuliko chini. Aprili ya mwaka huohuo alikuwa ameshapaa wakati Jua limepatwa, na mionzi haikupungua, hivyo chanzo chake kikuu hakikuwa Jua. Ilitoka mbali zaidi, nje huko kwenye anga za nyota. Mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel.

Nikamweleza inavyofika kwetu. Sehemu kubwa ya mionzi hiyo ni protoni, chembe ndogo za ndani ya atomu, zinazokuja kwa kasi ya kutisha. Zikigonga angahewa zinavunjika na kuzaa chembe nyingine, zikiwamo muoni, na hizo ndizo zinazotufikia huku chini. Usawa wa bahari, eneo la sentimita moja ya mraba hupitiwa na takriban muoni moja kila dakika. Kiganja kizima basi, karibu moja kila sekunde, au zaidi kidogo.

Shangazi akanyamaza, kisha akauliza, "Kwa hiyo na hapa nilipokaa inanipita?" Nikamwambia ndiyo, na imepita kwenye mfuniko, kwenye sufuria, kwenye simu na sakafu, ikazama ardhini. "Na simu zetu hazikufanywa kitu?" Hazikufanywa kitu. Akaniomba nimrekodie yote kwa ujumbe wa sauti, akaupeleka kwenye kikundi chake cha vikoba. Wale akina mama ndio wasomaji wangu wa kwanza wa kweli, hata kama walisoma kwa masikio.

Sasa ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli ndio ninaouamini kuliko wote: usiondoe uongo ukaacha pengo. Mtu aliyeambiwa kuna mionzi kutoka angani amepewa habari kubwa. Ukimwambia tu "hakuna kitu", umemnyang'anya habari na kumpa fedheha. Mpe habari kubwa zaidi. Mwambie mwaka 2017 wanasayansi wa Japani, Ufaransa na Misri walitumia muoni hizihizi kuchungulia ndani ya Piramidi Kuu ya mji wa Giza, Misri, bila kutoboa hata jiwe. Waliweka vifaa vya kunasa muoni, wakahesabu zinazopenya kutoka kila upande, na pale zilipopita nyingi kuliko ilivyotarajiwa wakajua kuna uwazi. Ni pango lenye urefu wa mita 30 au zaidi, juu ya ile njia kubwa ya ndani, na hakuna aliyejua kwamba lipo. Nani atarudi kusambaza habari ya kuzima simu akishajua hilo?

La pili: uzushi ukiwa na chembe ya ukweli, iseme wewe kabla hujasemewa. Mionzi ya kosmiki inaweza kweli kuvuruga kompyuta. Ubelgiji, uchaguzi wa Mei 2003, huko Schaerbeek, mgombea mmoja alionekana kuwa na kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Kompyuta huandika kila namba kwa 0 na 1 tu, na kwa lugha hiyo nyongeza ya 4,096 ni tarakimu moja tu iliyogeuka kutoka 0 kuwa 1. Programu ilikaguliwa, kosa halikuonekana, na chembe ya kosmiki ikawa mshukiwa mkuu. Hayo hutokea kwa nadra, wala hayasubiri saa 6:30 usiku. Ukiyaficha, siku mtu akiyasoma kwingine atakuona mwongo kama yule wa ujumbe.

La tatu, soma ujumbe wenyewe kwa makini. Huu ni wa zamani mno. Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko la Haiti, ulizagaa Ghana pamoja na uvumi wa tetemeko, watu wakatoka majumbani usiku wakakesha nje. Saa zilikuwa zilezile. Lakini Dar es Salaam ikiwa saa 6:30 usiku, Accra ni saa 3:30 usiku na Singapore ni saa 11:30 alfajiri. Mionzi gani inayoisubiri kila nchi ifikiwe na usiku wake? Hoja hii anaielewa yeyote mwenye ndugu aliyeko ng'ambo.

Na la nne ni lile la kwanza: eleza, usikanushe tu.

Utavunjwa moyo, mdogo wangu, nami nilivunjwa. Mhariri mmoja aliniambia wasomaji wake wanataka michezo na siasa, na kwamba sayansi niiandike kwa Kiingereza kama nataka ichukuliwe kwa uzito. Nilimwachia makala ya piramidi aisome. Baadaye nikaikuta imetoka bila jina langu, aya kwa aya, hadi mfano wa kiganja. Sikulipwa, sikuombwa radhi, na bado inaniuma ninapoandika haya. Lakini iliniambia jambo moja: wasomaji walikuwapo siku zote.

Kwa hiyo wewe uliyesoma fizikia ukaishia kuwacheka wazee kundini, acha. Elimu yako ililipiwa na mazao ya hao wazee na kodi zao. Kila mara unapoandika "uzushi" ukanyamaza, umeacha kazi katikati. Wanaotunga uongo hawachoki kutumia Kiswahili kizuri. Sisi tunaojua ukweli tunaubania kwenye lugha ambayo mama zetu hawaisomi. Hilo mimi siwezi kulivumilia, na ninyi msilivumilie. Elezeni. Wakirudia, elezeni tena.

Sasa rasimu uliyonitumia, ile ya Mirihi kuonekana kubwa kama mwezi mpevu kila Agosti 27. Umeanza vizuri lakini umekanusha mno. Anza na tukio lenyewe: Agosti 27, 2003, Mirihi ilikaribia kweli, ikawa umbali wa kilomita milioni 56 hivi. Kisha weka hesabu. Mwezi uko kilomita 384,400, kwa hiyo Mirihi ilikuwa mbali mara 145 hivi. Na kwa kuwa kipenyo chake ni karibu mara mbili ya kile cha mwezi, ilionekana ndogo mara 75 hivi. Sasa angalia ujumbe wa asili ulivyosema: ukitazama kwa darubini inayokuza mara 75, Mirihi itaonekana kama mwezi unavyoonekana kwa macho matupu. Watu walikata kipande cha darubini, wakasambaza kilichobaki. Ipandishe habari hiyo iwe aya ya kwanza, futa neno "wajinga" kwenye aya ya tatu, halafu nirushie tena.