Kwa nini tunamwaga chakula na huku vyuma vimekaza

Mdau, umeuliza inakuwaje nyumba zinazolia hali ngumu ndizo zinazomwaga wali kila asubuhi. Wachangiaji wengi wamemrukia dada wa kazi. Mimi nakataa. Kwetu Tabata, hapa Dar, tuko wengi, na chakula kilikuwa kinatupwa kwa sababu anayepika hajui nani atakula.

Saa kumi na moja jioni anabandika sufuria, anapimia watu wote. Wakati huo mdogo wangu kashapitia chipsi mayai, shemeji yuko kijiweni na mishikaki, watoto wamejaza tumbo mihogo. Chakula kikitengwa, kila mtu anadonoadonoa. Kupika pungufu nako haiwezekani: mgeni akipiga hodi akute sufuria jeupe, aibu ni ya mama mwenye nyumba. Basi anaongeza kibaba kingine.

Halafu lipo joto la Dar. Wali uliofunikwa ukiwa wa moto na kulala jikoni, asubuhi unateleza. Wanaosema "pasha tu ule", angalieni. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus, mbegu zake hazifi wali ukiiva, na sumu yake ya kutapisha haiondoki kwa kupasha. Kiporo cha kuaminika utandaze kwenye sinia upoe haraka, uingie kwenye friji usiku uleule. Maharage, chemsha mengi ukitaka, lakini nazi tia kwenye yale ya kula leo tu.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inakadiria kwamba mwaka 2022 kaya duniani zilitupa tani milioni 631 za chakula, wastani wa kilo 79 kwa kila mtu (humo yamo na maganda na mifupa). Tofauti ya wastani kati ya nchi tajiri na zile za kipato cha kati ni kama kilo 7 tu. Nchi za joto zinaonekana kutupa zaidi.

Kilichotusaidia nyumbani ni kundi la WhatsApp la familia. Kabla ya saa kumi kila mtu anaandika kama anakula au hali. Ukikaa kimya hupimiwi. Unga upo, jiko lipo, jisongee. Shemeji alinuna wiki nzima. Siku hizi anajibu kabla hata hajaulizwa, tena anauliza mboga ni nini.